Kanga Wanane Weupe

Shemeji yangu hakuwahi kumwita kanga kwa jina lake. Alimwita pintadi, akiivuta ile sauti ya katikati kama padri anayesoma misa, nasi tuliokuwa tukiishi naye pale Rubondo tulitakiwa tuelewe kwamba kanga ni ndege wa wajinga na pintadi ni ndege wa watu waliosoma.

Alimwoa dada yangu miaka mitatu baada ya sisi kufika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ambamo Rubondo ni kijiji kimojawapo, kutoka Kivu Kusini. Tulikuwa watu watatu katika kiwanja kimoja: mama, dada na mimi. Yeye akawa wa nne, akaja na begi moja, suruali iliyopigwa pasi na hadithi ya shamba la mapadri karibu na Bukavu alikokuwa, kwa maneno yake, msimamizi wa ndege wote. Baadaye mtu mmoja aliyetoka kule alituambia kwamba alikuwa akifagia mabanda. Sina shida na mtu anayefagia mabanda. Shida yangu ni mtu anayefagia mabanda miaka minne bila kuinua macho amtazame ndege hata mara moja.

Sisi kanga tuliwajua kabla ya kujua kusoma. Bibi yetu, kule milima ya Fizi, alifuga. Ndiye aliyetufundisha kwamba wako wa aina mbili, na kwamba mtu mwenye akili hawachanganyi. Yuko kororo wa msituni, mweusi, mwenye vidoa vidogo vilivyobanana, na juu ya kichwa ana kishungi cha manyoya yaliyosokotana kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Huyo hafugiki. Ukimfungia anakataa kula mpaka afe. Halafu yuko kanga wa uwanjani, ambaye kichwani hana manyoya bali kipembe cha mfupa, uso wake umenyonyoka na kuwa mweupe wenye kibuluu, na mashavuni ananing'iniza vipande viwili vya nyama. Huyo wa pili yuko porini vilevile. Wale wa nyika za upande wa Nakivale tuliwaona kila kiangazi wakivuka barabara mbio: wembamba, miguu mirefu, mashavu ya buluu. Wa kwetu walikuwa wazito zaidi, mashavu mekundu, na wavivu wa kuruka isipokuwa pale usipotaka waruke.

Mama alipata wake wa kwanza kutoka kwa mfugaji mmoja Mnyankole, mwenyeji wa huko, ambaye mama alikuwa akimlimia shamba. Walikuwa jike na dume, wote wawili wenye madoadoa meupe juu ya kijivu, ila kifuani manyoya yalikuwa meupe tupu, kama watu waliofungwa kitambaa cha kulia chakula. Tangu siku ya kwanza mama hakumruhusu jike aatamie mwenyewe. Kanga ni mama mbaya, hilo nalisema bila kumwonea. Ataangua vifaranga kumi na tano, atawapitisha kwenye umande alfajiri bila kugeuka nyuma, na jioni atarudi na watatu, akipiga kelele kana kwamba amefanya kazi kubwa. Kwa hiyo mama aliyaweka mayai chini ya kuku, na kuku, mnyenyekevu asiyejua kuhesabu wala kubagua, aliwalea kama wake.

Shemeji alipowaona kanga wetu aliguna. Akatuketisha, mimi na dada, akaanza kutugawia ndege kwa vidole. Kidole cha kwanza, mweupe wote, miguu ya rangi ya chungwa: huyo ni wa Ufaransa. Kidole cha pili, wa kijivu cha majivu, madoa yake kama yaliyofutwa na kitambaa: wa Ubelgiji. Kidole cha tatu, wa zambarau iliyokolea karibu na weusi, asiye na madoa ila mstari kidogo ubavuni: huyo alisema ni wa Ureno, na nadhani aliitaja Ureno kwa sababu nchi zilikuwa zimemwishia. Wa madoadoa ni wa Kiafrika, ndege wa kula. Na hawa wenu wenye kifua cheupe, akasema, ni machotara, hawana thamani kwa mtu yeyote.

Mama alikuwa akichambua maharage pembeni. Baba yake mama alikuwa wa kabila moja na mama yake wa jingine, na neno hilo alikuwa amelisikia tangu utotoni, likisemwa kwa watu. Hakuinua kichwa. Mimi niliinua.

Msimu uleule kuku aliangua mayai ya wale machotara. Wakatoka vifaranga kumi na moja. Wengi walikuwa wa kahawia wenye mistari mgongoni kama kware, baadhi yao wakiwa na weupe tumboni, na kati yao walikuwamo watatu wa rangi ya maziwa, bila mstari hata mmoja, midomo na miguu ikiwaka kama kaa la moto. Baba mmoja, mama mmoja, kiota kimoja. Nilimwita shemeji aje aone Wafaransa wake walivyozaliwa Rubondo chini ya kuku wa kienyeji. Aliwatazama muda mrefu. Kisha akasema kwamba damu ya Ulaya ina nguvu, hujitokeza yenyewe.

Basi nikajua kwamba huyu hafundishiki, nikaacha.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo nilijaribu kumwambia, mara mbili, kwa haki. Shemeji alikuwa na imani yake kuhusu kutambua jike na dume. Alisema yule mwenye nyama kubwa za mashavuni, zilizotanuka na kukunjika mbele, ndiye jike, kwa kuwa mwanamke ndiye huvaa hereni. Alisema hivyo bila kucheka. Ukweli ni kinyume kabisa: dume ndiye mwenye mashavu makubwa na kipembe kilichosimama, jike huwa na vidogo vilivyolala. Hata hivyo macho yanaweza kukudanganya, maana jike mzee naye hukua mashavu. Sauti haidanganyi. Dume ana mlio mmoja tu, mkavu, anaurudiarudia kama mtu anayegonga bati. Jike huweza kuuiga huo akishtuka, lakini anao na wa kwake wa silabi mbili, wa pili ukipanda juu, na dume hawezi kuutoa hata umchinje. Bibi alitufundisha tukiwa tumefumba macho. Nilipomweleza shemeji, alinijibu kwamba kule kwa mapadri hakuna mtu aliyekuwa akisikiliza ndege, walikuwa wanasoma vitabu.

Siku moja mke wa afisa mmoja wa jeshi alikuja kwetu kwa bahati. Gari lao lilichemka njiani wakielekea kumtembelea ndugu, dereva akasimama kwenye pampu yetu ya maji, naye akashuka kunyoosha miguu. Alikuwa mama mnene wa miaka arobaini hivi, mwenye miwani ya jua na kitambaa alichokuwa akijipepea. Mumewe alikuwa mkubwa katika kambi ya jeshi ya Mbarara, jambo ambalo alilisema kabla hajatusalimia. Juu ya paa letu walikuwa wamesimama kanga wawili weupe. Akawaelekezea kitambaa.

"Ile ndege nyeupe iko ya nani?" akauliza kwa Kiswahili chao cha jeshi.

Shemeji alitokea kabla sijafungua mdomo, suruali yake na pasi yake. Akamwambia si kanga, mama, ni pintadi ya Ufaransa. Mke wa afisa alipenda neno hilo papo hapo, nililiona likimwingia. Alikuwa akimalizia nyumba Nyamitanga, mtaa wa Mbarara ulio ng'ambo ya mto Rwizi, na alitaka ndege weupe watembee kwenye majani yake wageni wakija. Wa madoadoa hakuwataka. Hao, alisema, wamejaa porini, hata maskini anao. Wakakubaliana jozi nne, majike manne na madume manne, wazaliane hapo hapo uani.

Kwa miezi mitatu shemeji alizunguka Rubondo akikusanya weupe. Kila mmoja alimshika kichwa, akampima hereni. Waliotakiwa kuwa majike aliwachagua wenye mashavu makubwa kuliko wote. Waliotakiwa kuwa madume aliwachagua wenye kipembe kirefu na shingo nene, na kwa hilo, kwa bahati tu, alipatia. Matokeo yake nadhani msomaji ameshayaona.

Dada alikuwa mjamzito na hawezi safari, kwa hiyo mimi ndiye niliyetumwa kwenda naye Mbarara kushika tenga la pili. Tulipanda lori la mahindi asubuhi, tukashuka Kakoba, na kutoka pale tukachukua bodaboda mbili, kila mmoja na tenga lake mapajani, mpaka ng'ambo ya mto. Njiani ndege walikuwa kimya kwa hofu. Shemeji alikuwa amenikataza nisiongee huko, kwa sababu Kiswahili changu ni cha shamba na kingeharibu sifa ya ndege.

Nyumba ilikuwa na geti jipya lenye rangi ya dhahabu, na majani ambayo bado yalikuwa mabaka mabaka. Mke wa afisa alimkaribisha shemeji kwenye veranda, akampa soda. Mimi alinitazama kuanzia miguu, iliyokuwa na vumbi la mahindi, akaniambia, "Wewe ngoja pale kwa bomba." Shemeji hakusema kwamba mimi ni shemeji yake. Alisema, "Huyu ni wa kubeba."

Nikaenda kusimama kwenye bomba. Walipofunguliwa, kanga walikaa wamejikunyata kidogo, kisha mmoja akanyanyua shingo akaanza kulia. Wa pili akamjibu. Baada ya muda wote wanane walikuwa wakilia kwa pamoja, na nilifumba macho kama tulivyofundishwa. Mlio mmoja. Mlio mmoja. Mlio mmoja. Nilimsikiliza kila mmoja mpaka nikahakikisha. Hakuna aliyetoa silabi mbili.

Pale veranda mke wa afisa alikuwa akimwuliza yupi ni mama, na shemeji, glasi mkononi, akimwonyesha: yule, na yule, wenye hereni. Naye akacheka kwa furaha, akasema kweli, wanafanana na wanawake wa mjini. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwao. Neno moja lingetosha. Niliwatazama wote wawili, yule anayedanganya bila kujua na yule anayedanganywa kwa kujidai, nikaona wanastahiliana. Nikafungua bomba, nikaosha miguu.

Mayai hayakuja, na niruhusiwe kusema hayakuwa na njia ya kuja. Baada ya miezi kadhaa askari mmoja alifika Rubondo na pikipiki kuulizia. Shemeji akamwambia ndege wa Ulaya huhitaji kuzoea hewa. Askari akarudi mara ya pili, safari hii na habari kwamba wale ndege wanapigana mpaka damu na mmoja ametobolewa jicho. Shemeji akapeleka unga fulani wa kuchanganya kwenye maji. Askari alipokuja mara ya tatu, shemeji hakuwapo. Alikuwa amemuaga dada akisema anakwenda Kampala kutafuta dawa ya ndege, akabeba begi lake lilelile, na mpaka leo dawa hiyo hajaipata. Mtoto wao alikuwa na wiki sita.

Askari alisema bibi mkubwa anataka mtu wa nyumba hii, yeyote. Nikaenda mimi.

Safari hii mke wa afisa aliniacha nisimame mbele ya veranda, si kwenye bomba. Kanga wake walikuwa wamebaki sita, weupe wao umekuwa wa udongo, mmoja kweli hana jicho. Aliniuliza ndege wake wana ugonjwa gani. Nikamwambia hawana ugonjwa wowote, ni madume watupu, tangu siku ya kwanza. Nilimweleza kuhusu sauti. Alikaa akisikiliza, na ndege, kana kwamba wameitwa kutoa ushahidi, walilia mmoja mmoja.

Hakuwa mjinga, lazima niseme. Alifikiri kidogo, kisha akavua miwani.

"Wewe ndiye ulisimama kwa bomba."

"Ndiyo, mama."

"Na sauti ulisikia siku hiyo?"

"Nilisikia."

"Sasa kwa nini ulinyamaza?"

Nilikuwa nimeliandaa jibu hilo njia nzima kutoka Kakoba, na nililisema vizuri. "Mama uliniambia ningoje. Hukuniambia niseme."

Nilitegemea atafoka. Hakufoka. Alirudisha miwani, akaniambia kwa upole ambao uliniudhi kuliko matusi kwamba basi nyumba yetu itamletea majike manne, wiki hiyohiyo, la sivyo mumewe atazungumza na wakubwa wa kambi yetu ya wakimbizi. Sijui kama mumewe angezungumza na mtu yeyote. Mkimbizi hakai kungoja ajue.

Majike waliokuwa wakitaga kwetu walikuwa wanne. Walikuwa wa mama, mmoja wao yule wa kwanza mwenye kifua cheupe aliyepewa na mfugaji. Mama aliwakamata mwenyewe, akawafunga miguu kwa utambaa laini ili wasiumie. Ndipo akaniuliza ilikuwaje, nami nikamsimulia yote, na kwa kuwa nilikuwa bado ninajivunia lile jibu langu, nikamsimulia na hilo. Nilidhani atacheka.

"Ulijuaka, ukanyamaza," alisema. "Sasa weye na yeye, tofauti yenu iko wapi?"

Nikamwambia tofauti ni kwamba yeye ni mjinga na mimi siyo. Mama alisema, "Basi yeye iko na sababu," akaniwekea tenga kichwani.

Mke wa afisa aliwapokea wale majike kwa kuwakunjia pua, hasa yule wa kifua cheupe, lakini alikuwa ameshachoka kungoja. Mwaka uliofuata nilisikia kwamba vifaranga walijaa uani kwake: wachache weupe, wengi wenye mabaka, weupe kifuani na madoadoa mgongoni. Mabaka hayo aliyagawa kwa wake za askari wadogo kule kambini, kwa kuwa hayakufaa majani yake. Wake za askari waliyachukua kwa furaha, wakala mayai, na sidhani kama kuna hata mmoja aliyeuliza yametoka nchi gani. Hao ndio watu pekee katika jambo hili lote ninaowaheshimu.

Sisi tulianza upya na mayai tuliyoomba kwa majirani. Ilichukua misimu miwili kabla mama hajapata jike anayetaga. Dada alibaki na mtoto, na mimi niliendelea kumdharau mumewe kwa sauti, kila siku, nikidhani namsaidia. Nilimwigiza alivyotamka pintadi. Nilimwigiza akipima hereni. Majirani wakicheka, niliongeza.

Siku moja, tukipalilia mihogo, nilikuwa nimefika kwenye hereni wakati dada alipoinuka, jembe mkononi, akaniambia niache.

"Mi na weye tulilelewa na bibi mumoja," alisema. "Unafikiri mi sikusikiaka zile ndege? Zilikuwa mu tenga kwangu siku tatu, zinalia nyuma ya kitanda. Nilijua zote ni baume."

Nilimwuliza kwa nini basi hakumwambia mumewe. Alifuta jasho kwa mkono wa gauni, akatazama mahali ambapo mtoto alikuwa amelala, kwenye kivuli cha migomba.

"Alikuwa na furaha," akasema. "Tangu nimuone, ile ilikuwa mara ya kwanza mutu amungojee kitu."

Mtoto aliamka, dada akaenda kumchukua, nami nikamalizia mstari wake wa mihogo na kisha wangu, mpaka jua likawa kali mno kuendelea.